Kata Simu, Kisha Upige Wewe: Mwongozo wa Kuwakwepa Matapeli wa Mtandaoni

"Ile hela itume kwenye namba hii, jina litakuja." Karibu kila mwenye laini ya simu Tanzania ameshapokea ujumbe wa namna hii, na wengi huufuta papo hapo. Anayeutuma hana wasiwasi na hao wanaofuta. Ameuandika kwa watu wengi kwa mpigo mmoja, akijua kwamba kati yao hatakosekana mtu ambaye saa hiyohiyo anajiandaa kumtumia fundi hela ya bati, au anayedaiwa kodi na mwenye nyumba aliyemwambia asubuhi, "Nitakupa namba ya kutumia." Kwa mtu huyo ujumbe hauna la kushangaza. Umefika kwa wakati na umetaja jambo analolijua. Anatuma, na jioni mwenye nyumba anapiga kuuliza kodi iko wapi.

Nimeanza na huyo kwa sababu watu wetu wana tabia ya kumcheka aliyelizwa, kwamba ni mshamba au ana tamaa. Huyu alikuwa analipa deni lake. Na hata wakubwa huingia mkenge huohuo. Kati ya mwaka 2013 na 2015 raia mmoja wa Lithuania, Evaldas Rimasauskas, alizitumia Google na Facebook barua pepe na ankara za kughushi kwa jina la kampuni ya Taiwan ambayo kweli ilikuwa ikizifanyia biashara. Zikalipa zaidi ya dola milioni 100 kwenye akaunti zake. Mahakama ya New York ilimfunga miaka mitano mwaka 2019. Kampuni zile zina wahasibu, wanasheria na wataalamu wa usalama wa mitandao, na bado fedha zilitoka kwa sababu ankara ilifanana na ankara zilizokuwa zikitarajiwa.

Kwa hiyo sitakuambia "kuwa makini" halafu nikakuacha hapo. Umakini huchoka: saa kumi na moja jioni, ukiwa kwenye daladala, simu ina chaji kidogo na mtoto analia, hakuna mtu makini. Ninachokuomba ujifunze ni desturi moja tu: usithibitishe jambo kwa njia ileile iliyokuletea jambo hilo. Ukipigiwa simu, kata, kisha upige wewe kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani. Ukiletewa barua pepe yenye linki ya benki, iache linki hiyo, ufungue programu ya benki kwa mkono wako. Ukiandikiwa na ndugu kwenye WhatsApp kwamba amekwama, mpigie kwa laini ya kawaida usikie sauti yake. Tapeli anaweza kughushi karibu kila kitu kilicho ndani ya ujumbe wake: jina, nembo, picha ya wasifu, lugha, hata sauti. Njia uliyokuwa nayo wewe kabla hajakutafuta ni vigumu sana kwake kuishika.

Tazama desturi hiyo inavyofanya kazi kwenye simu inayowaumiza wazazi kuliko zote. Saa nne asubuhi inaingia namba usiyoijua.

"Shikamoo mama. Ni mama Rehema? Mimi mwalimu wa zamu hapa shuleni. Mama, usiogope, Rehema ameanguka, tumemkimbiza hospitali. Daktari anasema kuna sindano inatakiwa sasa hivi na hapa haipo, inauzwa duka la nje. Nakupa daktari uongee naye."

Anakuja "daktari", anaongea kwa upole, anataja jina la dawa usilolijua na bei yake, anatoa namba ya "mfamasia". Kila ukitaka kuuliza jambo, wanakuambia muda unakwenda. Zingatia kwamba hawakuachi ukate simu. Mwalimu wa kweli atakuambia njoo, au atampigia baba wa mtoto. Hawa wanataka ubaki hewani hadi hela itoke, kwa sababu ukikata tu utapiga shuleni, na ukipiga shuleni utaambiwa Rehema yuko darasani. Basi kata. Ni haki yako kukata hata kama anayeongea ni mwalimu kweli; atakuelewa. Kwa hiyo namba ya shule, ya mwalimu wa darasa na ya jirani anayeishi karibu na shule ziwe kwenye simu yako leo, kabla hujazihitaji. Kazi hiyo haichukui hata nusu saa, na ingeokoa ada za watoto wengi.

Sasa barua pepe. Kwa miaka mingi tulifundishwa kumtambua tapeli kwa lugha mbovu: Kiswahili cha kuokoteza, herufi zilizokosewa, salamu za "Mpendwa Mteja". Alama hiyo siku hizi haitoshi. Programu za akili unde zinaandika Kiswahili safi na Kiingereza safi kwa yeyote anayeziomba. Alama nyingine iliyokufa ni kufuli lile dogo kwenye kivinjari. Watu bado wanaambiana, "Ukiona kufuli, tovuti ni salama." Kufuli linasema tu kwamba mawasiliano kati ya simu yako na tovuti hiyo yamefichwa yasisomwe njiani. Halisemi mwenye tovuti ni nani, na cheti chake mtu yeyote anaweza kukipata bure, mwizi akiwemo.

Kilichobaki chenye thamani ni anwani yenyewe, na wengi hawajaonyeshwa namna ya kuisoma. Chukua mfano wa kubuni. Kijana anayetafuta kazi anapokea barua pepe kuwa ameitwa kwenye usaili, na ndani yake kuna linki hii: ajira.go.tz.usaili-leo.com/ingia. Jicho linasoma kuanzia kushoto, linakutana na "ajira.go.tz", linaridhika. Wewe isome kinyume. Tafuta mkwaju (/) wa kwanza baada ya jina la tovuti, hapa ni ule kabla ya "ingia", kisha rudi nyuma kuelekea kushoto. Unakutana na ".com", halafu "usaili-leo". Mwenye nyumba ni huyo, usaili-leo.com. Yote yaliyo kushoto kwake ni maneno ambayo mwenye tovuti amejiandikia mwenyewe, na angeweza kuandika hata "ikulu" kama angependa. Linki ya taasisi ya Serikali ya Tanzania inatakiwa jina lake liishie na .go.tz kabla ya mkwaju, na ya Kenya liishie na .go.ke. Angalia pia herufi zinazofanana: l ndogo na tarakimu 1, herufi o na sifuri, "rn" inayosomeka kama "m". Kwenye kompyuta, weka mshale juu ya linki bila kubonyeza na anwani yake halisi itaonekana pembeni chini. Kwenye simu, ishikilie linki kwa sekunde kadhaa hadi anwani itokeze.

Jina la mtumaji nalo lisikutulize. Programu nyingi za barua pepe kwenye simu zinaonyesha jina tu, mfano "Idara ya Fedha", na kuficha anwani. Gusa jina hilo. Ukikuta nyuma yake kuna anwani ya Gmail yenye mlolongo wa tarakimu, umeshapata jibu. Lakini ukikuta anwani sahihi kabisa, bado usiseme imeisha, kwa maana inawezekana tapeli yumo ndani ya akaunti ya mtu huyo.

Hili la mwisho linawahusu sana wafanyabiashara wetu, hasa wale wa Kariakoo, Eastleigh au Kampala wanaoagiza mizigo Guangzhou, Dubai au Istanbul. Wizi wake hauna haraka. Mtu anaiba nywila ya barua pepe ya muuzaji au ya mnunuzi, kisha anakaa kimya. Anasoma mazungumzo yenu kwa wiki kadhaa: mnaagiza nini, mnalipana lini, mnaitana vipi, nani husaini. Pengine anaweka kanuni ndani ya kisanduku cha barua pepe ili kila barua yenye neno "malipo" imfikie yeye pia. Siku ankara inapotoka, yeye ndiye anayeituma, ikiwa na nembo ileile, kiasi kilekile, na sentensi moja mpya: akaunti yetu ya zamani iko kwenye ukaguzi, tafadhali lipeni kwenye hii. Nchini Marekani peke yake, FBI ilipokea malalamiko ya hasara ya takriban dola bilioni 2.9 kwa wizi wa aina hii katika mwaka 2023.

Dawa yake ni sheria ya ofisi ambayo hata bosi haivunji: namba ya akaunti ikibadilika, hakuna malipo hadi mtu apige simu na kuongea na mhusika, kwa namba iliyo kwenye mkataba wa mwanzo au kwenye kadi aliyokupa mkononi. Namba iliyoandikwa chini ya ankara hiyo mpya haifai, kwa kuwa yeye ndiye ameiandika. Kama kiasi ni kikubwa, pigeni simu ya video, na mmuulize jambo ambalo halikuandikwa popote. Nasema hivyo kwa sababu mwaka 2024 ilijulikana kuwa mfanyakazi wa kampuni ya uhandisi ya Arup huko Hong Kong alituma takriban dola milioni 25 baada ya kikao cha video ambamo wakubwa wake aliowaona walikuwa sura na sauti za kutengenezwa. Baadaye aliwasiliana na makao makuu ndipo ukweli ukajulikana. Mawasiliano hayo yangetangulia malipo, fedha zingebaki.

Nywila ya barua pepe yako ndiyo ya kulindwa kuliko nywila zote, maana akaunti karibu zote ulizonazo zinafufuliwa kupitia huko: ukibonyeza "nimesahau nywila", jibu linakwenda kwenye barua pepe. Iwe ndefu, isitumike mahali pengine popote, na uwashe uthibitisho wa hatua mbili.

Hapo tunafika kwenye tarakimu za siri. WhatsApp yako inaweza kuchukuliwa kwa ujumbe mmoja tu. Rafiki wa kundi la harusi anakuandikia: "Samahani dada, kuna namba sita nimezituma kwako kwa makosa, naomba unirudishie." Aliyeandika hivyo si yeye, akaunti yake imeshatekwa tangu asubuhi. Namba sita zilizofika kwenye simu yako ni msimbo wa kuhamishia WhatsApp yako kwenye simu ya mwizi. Ukimtumia, ndani ya dakika chache wewe umetolewa, na yeye anawaandikia shangazi zako wote kwa picha yako kwamba umepata dharura. Zuia mapema: ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya akaunti, uweke PIN ya uthibitisho wa hatua mbili. Pitia pia orodha ya vifaa vilivyounganishwa, na ukikuta kifaa usichokijua, kitoe.

Msimbo wowote unaoingia kwenye simu yako ni wako peke yako. Mtoa huduma wa benki au wa mtandao wa simu hana sababu ya kukuuliza msimbo huo wala namba yako ya siri. Akikuuliza, si mtoa huduma. Matapeli wengine huja kwa sura ya msaada: "Laini yako itafungwa leo, haijahakikiwa, bonyeza namba hizi nikuelekeze." Unaelekezwa kubonyeza nyota, tarakimu, reli, na kumbe umejaza kiasi, namba ya mpokeaji, na mwisho namba yako ya siri. Safaricom imekuwa ikiwaambia wateja wake Kenya kuwa huwapigia kwa 0722 000 000. Tanzania, huduma kwa wateja ya mitandao inapatikana kwa kupiga 100. Kwa kuwa namba inayoonekana kwenye kioo nayo huweza kughushiwa, kata, kisha upige wewe.

Kuhusu "nimekosea kutuma hela," usiamini ujumbe mfupi hata kidogo. Fungua menyu, iwe *150*00# ya M-Pesa ya Tanzania, *334# ya Kenya au ya mtandao wako, uangalie salio. Kama hela haikuingia, mazungumzo yameisha. Kama kweli imeingia, usiirudishe kwa mkono wako. Mwambie aliyeituma awapigie watoa huduma waurudishe muamala kwa utaratibu wao, nawe ukubali wakikuuliza. Kuna wanaoomba urudishe kwa namba tofauti na iliyotuma. Hapo huenda hela ile imetoka kwa mtu mwingine aliyeibiwa, na jina lako limeingia kwenye njia ya wizi. Na kila unapotuma hela, jina la mpokeaji linapotokea kabla ya namba ya siri, lisome lote. Mwenye nyumba wako anaitwa Hamisi na jina lililokuja ni la mtu mwingine kabisa: hata ukielezwa kuwa ni "laini ya mke wake", mpigie kwanza.

Kazi za mtandaoni zinahitaji maneno ya pekee. Ile ya "penda video ulipwe" inakulipa kweli siku za mwanzo, elfu tatu, elfu tano, na unazitoa kwa wakala ukazishika. Ndiyo chambo. Baada ya hapo unaambiwa uweke hela ili upande ngazi, kisha uongeze ili "kufungua" ulizonazo. Kazi isiyokuhoji, inayokutaka utoe hela ili ulipwe, iache.

Kuna tangazo lingine lenye madhara makubwa kuliko hilo: huduma kwa wateja nchini Thailand, mshahara wa dola, tiketi juu yao. Vijana wa Kenya, Uganda, Ethiopia na nchi nyingine waliofuata matangazo ya aina hiyo wamejikuta wamevushwa mpaka hadi Myanmar, kwenye makambi ya eneo la Myawaddy, wakipokonywa pasipoti na kulazimishwa kuwatapeli watu duniani kote kwa kutumia simu na kompyuta, na wengine kupigwa wasipofikia malengo. Mwaka 2025 maelfu ya watu wa mataifa mbalimbali walitolewa huko, Wakenya na Waganda wakiwemo. Kwa hiyo yule mrembo anayekusalimia kwa "namba nimekosea" na baada ya wiki mbili anakufundisha kuwekeza kwenye sarafu za kidijitali, inawezekana ni kijana wa Kisii au Mbarara anayelia usiku. Mwanao akipata ofa ya kazi ng'ambo, jina la kampuni, mkataba na aina ya viza vihakikiwe na wizara ya kazi na ubalozi kabla ya safari. Kusafiri kwa viza ya utalii kwenda kufanya kazi ni sababu tosha ya kuahirisha.

Ikiwa umeshatuma, dakika ndizo zinazoamua. Piga kwa mtandao wako au benki kabla ya kumpigia tapeli kumlalamikia, maana ukimshtua atatoa hela haraka. Wateja wa Safaricom wanaweza kupeleka ujumbe wa muamala kwenda 456 kuomba urudishwe. Kama ulijaza nywila mahali, ibadilishe ukianzia na ya barua pepe. Usifute ujumbe wala usimfungie tapeli kabla ya kupiga picha za kioo zenye namba, tarehe na kumbukumbu ya muamala. Nenda polisi upewe namba ya taarifa, yaani RB, au OB kwa walioko Kenya; wizi huu ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015, na Kenya ina sheria yake ya 2018. Namba ya tapeli iripoti kwa 15040 ukiwa Tanzania, au ujumbe wake uutume kwenda 333 kwa mteja wa Safaricom. Na ukiwa bado umeshika simu, piga *106# uone kama kuna laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA usizozijua, ili zifungwe.

Mwambie pia mtu wa nyumbani siku hiyohiyo. Wengi hukaa kimya kwa aibu, na tapeli anaitegemea aibu hiyo ili awarudie. Wiki kadhaa baadaye atakupigia "afisa" anayejua kiasi ulichopoteza na tarehe, akisema hela zako zimepatikana, zimebaki gharama za kuzitoa. Anajua kwa sababu ni yuleyule aliyekuibia, au amenunua jina lako kwake. Yeyote anayetaka hela ili akurudishie hela zako, mkatie simu, kisha uende kituoni ulikochukulia RB ukaulize mwenyewe.